Blauzi ya Kamba Upande Mmoja

12 Januari

Shikamoo Shangazi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi huku hatujambo. Bibi naye hajambo, isipokuwa macho. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, na mpaka afanyiwe upasuaji mimi ndiye ninayemsomea kila kitu, hata maandishi ya kwenye pakiti ya majani ya chai. Baba na Mama wamehamishwa tena kikazi, ndiyo maana bado naishi hapa kwa Bibi, kwenye nyumba yake ya wagonjwa. Niko kidato cha tatu. Darasani bado sisemi mpaka niulizwe, na nikiulizwa sauti inatoka kama ya mtu aliyefungiwa kabatini.

Utaratibu huu wa salamu kwanza, afya ya pili, habari ya tatu ulinifundisha wewe. Nilikuwa na miaka tisa. Wagonjwa wa saratani waliotoka vijijini walikuwa wakinipangia foleni jioni niwaandikie barua za nyumbani, maana walikaa hapa wiki tano au sita wakipigwa mionzi pale hospitali, na wengi hawakujua kuandika. Mimi nilitaka kuingia kwenye habari moja kwa moja. Ukaniambia barua ikianza bila salamu ni kama mtu aliyeingia chumbani bila kubisha hodi akakukuta hujavaa. Wagonjwa walicheka mpaka yule mama wa kitanda cha tatu akashika mshono wake. Ndipo ukaanza kuniita Kamusi, na hadi leo hakuna anayeniita jina langu humu ndani.

Nimejaribu kukupigia simu mara nyingi. Yule mwanamke anayesema namba haipatikani nimemzoea, sasa namwona kama jirani. Dereva, yule mzee wetu anayekwenda stendi kupokea wagonjwa kwa gari lake bovu, amesema rafiki yake ana lori linalokuja huko kwenu kuchukua mahindi kila baada ya wiki mbili. Ndiyo njia ya barua hii.

Nyumba iko vilevile. Vitanda saba, korido ndefu, mabeseni yametundikwa ukutani kwa rangi zake. Lako la kijani, la Mama Beseni kama wagonjwa walivyokuita, halichukuliwi na mtu. Hakuna aliyekataza, ila kila anayenyoosha mkono anaishia kuchukua la bluu. Asubuhi tunachemsha maji kwenye jiko lile lile, lakini hakuna anayeimba. Zamani niliamka kwa sauti yako, ukiimba ubeti mmoja tu kwa sababu wa pili huujui, na mlio wa maji yakimiminwa. Nikisikia maji yakimiminwa hata shuleni, nageuka.

Sasa nakuja kwenye habari. Juzi Bibi alinituma mashuka kwenye sanduku la bati. Chini kabisa, ndani ya gazeti, nikakuta nguo iliyokatwa na haikushonwa. Kitambaa ni pamba laini ya rangi ya maziwa, nadhani ni lile shuka kuukuu la kitanda cha nne. Imekatwa kama blauzi, lakini upande wa kulia umeachwa wazi kuanzia kwapani hadi kiunoni, na kuna vitone vya chaki, labda mahali pa kamba. Kifuani kitambaa ni mara mbili. Pini bado zipo, zimepata kutu. Bibi aliipapasa, akasema, "Huo mkasi ni wa Shangazi yako." Kisha akaomba chai.

Gazeti lile ni la wiki uliyoondoka, miaka minne iliyopita.

Shangazi, najua kilichosemwa. Mgonjwa mmoja, yule tuliyemwita Mama wa Karanga kwa sababu alikuja na gunia zima akatugawia, alama zake zilifutika wakati wa kuoga. Zile alama za wino ambazo mafundi wa mionzi huwachora wagonjwa kwenye ngozi, ili mashine ilenge palepale kila siku. Alama zikafutika, zamu yake ikapotea, akarudi kijijini na hakuonekana tena. Walisema wewe uliyemwogesha ulisahau. Mimi sikuwahi kuamini. Ni wewe uliyekuwa ukipita kitanda hadi kitanda kila asubuhi ukisema, "Kitambaa kinazunguka alama kama mtu anavyozunguka shamba la jirani."

Nina maswali mawili. La kwanza, hii nguo ni ya nini? La pili sikutumwa na Bibi: utarudi lini?

Wako, mtoto wa kaka yako,
Kamusi


23 Februari

Mpendwa Kamusi,

Marahaba mwanangu. Nisalimie Bibi na Dereva, na mwambie Dereva lile gari lake alipeleke makumbusho. Nimefurahi kusikia unasoma vizuri. Sauti ya kabatini isikutie wasiwasi. Kabati likifunguliwa utashangaa ulichokuwa umehifadhi.

Barua yako ilikaa wiki mbili juu ya dirisha kabla sijaifungua. Nilidhani ni ya Bibi. Za Bibi ninazo kumi na moja, alizoniandikia kabla macho hayajamwishia, na zote sijazifungua. Juzi ndipo nilipoitazama vizuri, nikaitambua kwa mwandiko, hizo herufi zako zilizosimama wima kama wanafunzi kwenye mstari wa asubuhi.

Nakaa katika nyumba ya Babu yako. Paa linavuja pembe moja tu, nami nimeweka beseni pale, kwa hiyo kazi yangu bado ni ile ile.

Hiyo nguo nilidhani imetupwa.

Kamusi, sikusahau. Nimeandika sentensi hii mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya kuiandika hapa. Nilisugua zile alama kwa mkono wangu, nikijua ninachofanya.

Jumamosi ile Mama wa Karanga alipata habari kwamba mume wake angefika kesho yake kumwona. Alikuwa amebakiza wiki tatu za mionzi. Nilidhani angefurahi. Akajifunika shuka mpaka kichwani. Nilipomwuliza, akasema, "Aliniacha mzima, atanikuta nimechorwachorwa kama ng'ombe wa mnada." Nikamwambia, si utavaa nguo ndefu. Akafunua shuka kidogo, akaniangalia kama unavyomwangalia mtoto. "Miaka ishirini na sita ya ndoa, Mama Beseni. Wewe unadhani anakuja kunisalimia akiwa mlangoni?"

Ndipo nilipochukua shuka la kitanda cha nne nikaanza kukata. Nilitaka blauzi ambayo mwanamke anaweza kuivaa mbele ya mumewe bila wino kuonekana. Kifuani mara mbili, ili rangi isipenye. Kamba ubavuni, upande wa ziwa linalotibiwa tu, ili kwenye mashine afungue upande huo na mwingine ubaki na heshima yake. Nilikata vizuri. Nilipokaa kwenye cherehani, mkanda ukakatika, na fundi alikuwa ameshafunga duka. Ningeweza kushona kwa mkono. Hilo ndilo huwa linanirudia. Ningeweza kushona kwa mkono.

Jumapili asubuhi akaniomba nimwogeshe. Nikatwaa beseni la kijani na sabuni ya kufulia. Akainua mkono mwenyewe, nami nikasugua. Nilijidanganya kwamba Jumatatu watamchora upya kama mtu anavyopaka rangi kucha. Jumatatu tukaambiwa kuchorwa upya ni kuanza foleni upya, na foleni ilikuwa ya mwezi mzima. Mumewe akasema basi, wakavune kwanza, watarudi. Nikawasindikiza mpaka kwenye gari la Dereva. Alinishika mkono dirishani. Hakuwa amekasirika. Bora angekasirika.

Kamati ya nyumba iliponiuliza, miezi kadhaa ilipopita bila yeye kurudi, nikasema nimesahau. Ningesemaje mengine? Ile ilikuwa siri ya mwanamke na mumewe, na mle chumbani walikuwamo wanaume wanne na katibu anayeandika kila kitu.

Nguo hiyo, ukitaka kuimaliza, mishono iwe kwa nje, isiguse ngozi. Kamba ziwe za kitambaa kile kile, si utepe wa dukani, utepe unakwaruza. Swali lako la pili nitalijibu siku nyingine.

Shangazi yako


17 Machi

Shikamoo Shangazi,

Natumaini uko salama. Sisi tu wazima. Lakini naomba niseme jambo kabla ya habari. Barua yako ilikuwa na salamu, na habari ilikuwa nyingi, ila afya hukuiandika. Sijui kama ulikuwa unanipima kama nitagundua. Nimegundua.

Nilimsomea Bibi barua yote. Nilitaka kuruka ile sehemu ya Mama wa Karanga, lakini Bibi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na nikaona haifai. Nilipomaliza akaiachia meza. Halafu akasema, "Hata mimi ningesugua." Na baada ya kitambo, "Ila ningeshona kwa mkono kwanza." Akacheka kidogo, akajifuta macho, na akalaumu jiko kwa moshi, ingawa jiko lilikuwa halijawashwa.

Nimeimaliza ile blauzi. Ni mimi niliyeshona, Bibi alikuwa akikagua kwa vidole. "Hapa umelewa," ananiambia, "fumua." Nimefumua bega la kushoto mara nne. Kwa kuwa alama za chaki ziliwekwa kulia, kamba zimekaa kulia. Tulipoimaliza tukaitundika mlangoni, tukaitazama, yaani mimi nilitazama na Bibi akaniuliza ikoje. Nikamwambia inafanana na mtu anayetaka kuingia.

Wiki iliyofuata alikuja mama mfugaji nyuki, kutoka mbali sana, siku mbili njiani. Alirudi kutoka kuchorwa amekumbatia kifua kama aliyeiba kuku. Nikamshonea yake, kitambaa cha bluu. Alipoivaa akatembea korido nzima mpaka mwisho akarudi, akasema, "Kwa hii nitaolewa mara ya pili na mume yule yule." Wote wakataka. Tumeshona saba. Dereva alipoona akasema na yeye ashonewe, ana kitambi kimezidi upande mmoja. Mfugaji nyuki akamjibu kwamba kitambaa kilichobaki hakimtoshi hata shingo.

Jambo lingine. Ijumaa alikuja mkuu wa mafundi wa mionzi kutazama hizo blauzi, maana alikuwa ameziona kwenye mashine akapenda. Bibi akanisukuma mbele nieleze. Watu kama kumi na wawili. Nilieleza, Shangazi. Mishono kwa nje, kitambaa mara mbili, kamba upande unaotibiwa tu. Sauti ilitoka yenyewe. Aliponiuliza nani alibuni, nikasema Mama Beseni, na wagonjwa wa zamani wawili waliokuja kupimwa wakapiga makofi kwa kusikia jina tu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiwaogesha na kuwauliza habari za mazao yao kana kwamba wewe ndiye mwenye shamba? Ulijua ng'ombe wa nani ana mimba. Ulimfahamu mbuzi wa kila mtu kwa tabia. Mimi nilikuwa nikikaa kwenye kizingiti na kitabu nikijifanya nasoma. Sikuwa nasoma. Kitabu kilikuwa kimegeuzwa, na najua ulikiona.

Nakutumia blauzi ile ya kwanza, ya rangi ya maziwa. Ni yako. Sijui kama itakuenea, nimekadiria kwa kumbukumbu. Mwenye lori ameahidi ataiweka kiti cha mbele.

Wako, mtoto wa kaka yako,
Kamusi


28 Aprili

Mpendwa Kamusi,

Marahaba. Mzigo umefika, haukupata hata vumbi. Bega la kushoto limekaa vizuri, mwambie Bibi vidole vyake bado vinaona.

Kuna jambo sikukueleza. Nilipoondoka hapo watu walidhani nimekimbia. Nilikwenda kwanza kumtafuta Mama wa Karanga. Nilitembea siku nzima kutoka kituo cha mwisho cha basi. Nilimkuta mume wake anapukuchua karanga barazani, peke yake. Alikuwa amemzika wiki sita nyuma. Alinipa kigoda, akanipa maji ya kunywa, akaendelea kupukuchua, na mimi nikaanza kupukuchua naye maana sikujua mikono niiweke wapi. Nikamwambia kila kitu. Kwamba mke wake aliona aibu, na mimi nikazifuta.

Alipukuchua mpaka bakuli likajaa. Kisha akasema, "Mimi ningeziona tu. Ningeuliza, angenijibu, tungelala." Hakunigombeza. Akanifungia karanga kwenye kitambaa, akanisindikiza mpaka njia panda.

Ndiyo maneno ninayoishi nayo humu ndani. Tuliamua kwa niaba yake, mimi na mke wake, kwamba hataweza kutazama. Hatukumwuliza.

Sasa nakuja kwenye blauzi. Niliijaribu, nikaivua, nikaikunja. Imenienea, lakini kamba ziko kulia. Mimi ningehitaji ziwe kushoto.

Wewe ni Kamusi, huhitaji kuelezwa zaidi. Ni tangu mvua za mwaka jana. Ilikuwa kama punje ya mahindi. Sasa si punje tena. Ndiyo sababu niliruka afya, na nakuomba msamaha, maana mwalimu hafai kuvunja kanuni yake mwenyewe.

Usimsomee Bibi sehemu hiyo. Na usiniambie nije. Nimetandika vile vitanda miaka kumi na mmoja, siwezi kulala kimojawapo. Siwezi kubebewa beseni. Na siwezi kuingia mlango ule Bibi akanitazama nilivyokuwa na nilivyo.

Shangazi yako


5 Mei

Shikamoo Shangazi,

Leo naanza na afya yako, salamu zitanisamehe. Unaumwa. Nimeandika neno hilo, na angalia mwandiko, wanafunzi wamevunja mstari.

Nilikutii. Nilimsomea Bibi barua yako na nilipofika kwenye blauzi nikaruka mpaka kwenye jina lako. Nikakunja karatasi. Bibi akasema, "Soma ulichoruka."

Nikamwambia sijaruka kitu.

"Umevuta pumzi mahali ambapo hapakuwa na nukta," akasema. "Nimekusikiliza ukisoma tangu una meno ya utoto. Soma."

Nikasoma. Nilisoma na yale ya kitanda, na beseni, na mlango. Nisamehe. Alisimama, akapapasa ukuta wa korido, akayahesabu mabeseni kwa mkono, akalitoa lako la kijani. Akalisugua kwa jivu hadi likang'aa, ingawa lilikuwa safi, na akalirudisha. Ndipo akasema, "Mwambie kitanda cha pili. Cha dirishani. Mwambie sitamwuliza kitu."

Shangazi, mimi sijui kubishana. Shuleni nikibishana nashindwa hata nikiwa na haki. Lakini umeniandikia maneno ya yule mzee wa karanga kwa mkono wako, na nimeyasoma mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma ukurasa wowote wa kitabu. Ningeziona tu. Ningeuliza, angenijibu, tungelala. Unasema huyo mzee hakuulizwa kama angeweza kutazama. Sasa wewe umemwuliza Bibi lini? Unasema hutaki akutazame. Bibi haoni, Shangazi. Anaona vivuli tu. Atakutambua kwa hatua zako na kwa ubeti mmoja usiomalizika. Na mimi ninayeona, hukuniuliza mimi pia.

Mwenye lori atakuwa huko Alhamisi ya tarehe kumi na tatu. Nimemwomba kiti cha mbele kwa ajili yako. Kliniki ya vipimo vya kwanza ni Jumanne inayofuata. Dereva ameshakwenda kuulizia, na amesema gari atalitengeneza breki kwa heshima yako, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu.

Nimeanza kukata blauzi nyingine. Kamba zitakaa kushoto. Sijui rangi unayotaka.

Wako, mtoto wa kaka yako,
Kamusi


2 Juni

Shikamoo Shangazi,

Lori limekuja mara mbili. Kiti cha mbele kilikuwa na gunia.

Nilikuwa nimeandika kurasa nne. Nilimsomea Bibi kabla ya kuzifunga, akasema, "Zichane. Mwandikie salamu na afya, basi. Mtu akiwa amejificha, habari zinamfukuza mbali zaidi." Nikamwuliza amejuaje. Akasema anajua tu.

Kwa hiyo ni hivi. Sisi hatujambo. Bibi anakusalimu, Dereva anakusalimu. Tunatumaini umeamka salama.

Wako, mtoto wa kaka yako,
Kamusi


2 Oktoba
Jumamosi, chini ya kopo la sukari

Mpendwa Kamusi,

Habari za masomo ya Jumamosi. Najua ni kichekesho kukuandikia wakati tumekunywa chai meza moja asubuhi hii, na kwamba hatujaandikiana tangu nilipofika mwezi wa sita kwa sababu ya kulala vyumba vinavyopakana. Lakini kuna mambo ambayo mdomo wangu unayazunguka kama shamba la jirani.

Hujawahi kuniuliza kwa nini nilikuja. Ile barua yako fupi ilifika Alhamisi, nami nikaisoma nimesimama kando ya lori. Nikamwomba mwenye lori anisubiri. Nikachukua begi moja na zile barua kumi na moja za Bibi, na kiti cha mbele nikazifungua zote, moja baada ya nyingine, mahindi yakitikisika nyuma. Miaka minne nilikuwa nimeziogopa. Nilijua ndani yake kuna Mama wa Karanga, na kamati, na kwa nini ulifanya hivi. Hakuna. Kumi na moja, na hakuna habari hata moja. Mwanangu hujambo. Sisi hatujambo. Natumaini umeamka salama. Mama yako. Basi. Ya mwisho mwandiko umepanda mlima, alikuwa tayari haoni karatasi inaishia wapi.

Upasuaji wangu mliuona, dawa za saratani zilizonitapisha mliziona, ndoo ulinishikia wewe na ukageuza uso dirishani ili nisione kwamba unalia. Nilikuona kwenye kioo cha dirisha.

Jana nimechorwa. Nilipomaliza nilivaa blauzi yako pale pale, hii ya kijani, na kamba ziko mahali pake. Nimekaa nayo tangu jana bila kuivua. Fundi wa mionzi aliponiuliza nimeipata wapi, nikamwambia kuna mtu nyumbani ana kamusi na cherehani.

Nakuomba jambo. Nimekataa kuogeshwa na mama wa zamu, na Bibi macho bado hayaoni vizuri, atazisugua kwa mapenzi. Nataka uwe wewe. Beseni la kijani, maji ya vuguvugu, kitambaa laini. Alama ziko saba, ya saba iko nyuma ya kwapa na ni rahisi kuisahau. Utaona aibu. Na mimi nitaona aibu, kwa kuwa wewe nimekuogesha tangu ukiwa huna meno, na huu si mpango niliokuwa nao. Tutaona aibu wote wawili, kisha maji yatapoa na tutahitaji kuendelea. Bibi amesema atashika taulo, na kwamba kama hatuna la kuzungumza nikueleze habari za mbuzi wa Babu yako, ambaye ana tabia mbaya sana.

Sasa kanuni. Salamu nimeshatoa. Habari ndizo hizo. Afya: ninaumwa, mwanangu, na ninatibiwa. Zimebaki wiki tano za mionzi.

Ukirudi, uje chumbani. Bisha hodi kwanza. Nitakuwa sijavaa.

Shangazi yako